Glavu Nyekundu

Theluji ya Novemba milimani Tateyama ilikuwa bado haba, mawe yakichungulia huku na kule, na Chizuru hakuona cha kuogopa. Tokio, kaka wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa akinung'unika njia nzima.

"Theluji ya Oktoba imekuwa chenga kama sukari, shemeji. Hii mpya imelala juu yake tu. Haijashikana na kitu."

"Basi turudi tukanywe chai, bwana sukari."

"Si wewe uliyetaka kuja?"

Penye mteremko mkali Tokio akamwambia angoje kwenye mawe, wasipite wote kwa pamoja. Akaanza kuvuka, mbao za kutelezea miguuni. Alipofika katikati, mlima uligumia, kama gunia limeangushwa chumba cha pili. Chizuru hakujua kama ameusikia mgumio ule au ameuhisi tumboni. Theluji ikapasuka juu kabisa, ikateremka na kumzoa Tokio. Kisha kimya.

Alikitoa kifuani kifaa cha kutafutia waliofukiwa, ambacho kila mpanda mlima huvaa ili vifaa vinasane, akateremka akikifuata. Mikono ilijua la kufanya. Kichwa kilikuwa kitupu. Kifaa kikalia kwa kasi. Akachimba kwa koleo mpaka ikatokea glavu nyekundu.

Za Tokio zilikuwa nyeusi. Amebadilisha saa ngapi? Akafukua uso, akakuta wa kijana asiye na ndevu. Kwa kitambo alidhani theluji imemgeuza mtu.

"Mtoe theluji mdomoni kwanza," sauti ya Tokio ikasema nyuma yake.

Aligeuka. Tokio alikuwa anachechemea, kofia hana. Theluji ilikuwa imemtupa ng'ambo ya mwamba.

"Uko wapi wewe?" Chizuru akauliza.

"Niko hapa."

"Na huyu?"

"Simjui."

Yule kijana alikohoa, akavuta pumzi. Alikuwa ametokea juu, upande wasiouona. "Mke wangu," akasema. "Alikuwa nyuma yangu."

Wakatafuta. Vifaa havikulia. Wakachoma theluji kwa fimbo ndefu mpaka vidole vikafa ganzi. Mwishowe Tokio alipata mtandao, akapigia simu kibanda cha wapanda mlima kuomba msaada, akitaja jina alilopewa na kijana.

"Mke wake yuko hapa," mwenye kibanda akasema simuni, kwa sauti iliyowafikia wote. "Goti linamuuma. Hajatoka tangu asubuhi."

Kijana alitikisa kichwa. "Nimemwona. Jaketi la njano."

Chizuru alilitazama jaketi lake mwenyewe. La kijani.

Waokoaji walipomchukua kijana, wao wawili walishuka taratibu kwa njia ya mgongo wa mlima.

"Shemeji, nani aliivunja ile theluji? Wewe au yeye?"

"Sijui."

"Na huyo mwanamke aliyemwona?"

"Sijui, Chizuru. Tazama unapokanyaga."

Alitazama. Kila hatua alisikiliza chini ya miguu, asijue anasikiliza nini, na mkono wa koti la Tokio hakuuachia mpaka walipoliona paa la kibanda.