Viwavi wa Ebenezer

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila aliyepunguzwa kazini alijitafutia pa kujishikiza. Mwanasha, aliyekuwa mpiga taipu serikalini, aliangukia kwenye chapati na maharage, chini ya mwarobaini wake pale Nkuhungu. Banda hakuwa nalo. Kile kivuli ndicho kilikuwa mgahawa. Mti ukikatwa, basi tena.

Na jirani yake Ebenezer alitaka ukatwe. Huyu alikuwa dereva wa kigogo mmoja wa wizarani, na kwa alivyotembea kifua mbele ungedhani yeye ndiye anayeendeshwa. Asubuhi moja alikuja na panga mkononi, balozi wa nyumba kumi, Mzee Bartolomayo, akimfuata nyuma anahema.

"Mzee, viwavi wa mwarobaini huu wananimaliza! Mkrismasi wangu wa maua mekundu, mche nimeutoa Morogoro, wameulalia mpaka umekuwa kama fagio la chelewa. Wanashiba kwake, wanakuja kulala kwangu. Tena wanawasha hao, jana sikupata usingizi!"

Ulimi wa Mwanasha haukuganda. Alimwokota kiwavi mmoja begani kwa Ebenezer mwenyewe, akamweka kiganjani. Wa kijani, mwembamba, laini. Akitembea anakunja mgongo, anaunyoosha, kama fundi cherehani anayepima shubiri.

"Wanaowasha wana manyoya, jirani yangu. Huyu hana hata unywele. Amekuwasha kwa kitu gani, kwa maneno?"

Wateja wakaangua kicheko. Balozi, ambaye hata chai alikuwa hajanywa, akaamua: viwavi wawekewe majani ya miti yote miwili, na mti watakaoula ndio ukatwe.

"Sawasawa!" Ebenezer akadakia. "Na usihurumiwe!"

Mwanasha akaweka kwenye sinia tawi la mwarobaini huku, la mkrismasi kule, viwavi katikati. Mmoja aliugusa mwarobaini, akageuka upesi kama aliyetukanwa. Wakajikunja, wakajinyoosha, wote wakauparamia mkrismasi na kuanza kutafuna bila haya.

"Wamefundishwa hao!" Ebenezer akafoka.

"Panga unalo," balozi akasema. "Na mti wako ule pale."

Ebenezer akalitazama panga, akautazama mkrismasi, mara sauti ikawa ya mtu aliye kanisani. "Lakini mzee wangu, viwavi nao si viumbe wa Mungu? Na mti wenyewe una kosa gani, jamani?"

"Na wangu ulikuwa na kosa gani?" Mwanasha akamuuliza, na safari hii hakutania.