Masharubu ya Mama Mkwe

Mchoraji wa kiwanda cha stempu alibanwa. Picha za mfululizo mpya zilisubiriwa mezani kwa meneja, naye bado hakuwa na uso wa mfinyanzi. Hizi zilikuwa zile stempu za kila siku, zinazochapwa na kuchapwa tena miaka nenda miaka rudi, zenye picha za kazi za watu: seremala, mhunzi, mshonaji, mfinyanzi. Basi jioni moja mama mkwe wake alipoinamia beseni akisugua sufuria kwa hasira, akamchora kimyakimya bila kumwomba ruhusa. Alijisemea, nani huangalia stempu?

Mama mkwe aliangalia.

"Kumbe nimekuwa mtu mkubwa," alisema, ameishika stempu kama anayeshika kifaranga. Kisha akaona bei. "Mbona seremala kanizidi?"

"Mama, hii ya bei ya chini ndiyo inayobandikwa kwenye barua nyingi. Wewe ndiye utakayeonekana zaidi."

"Nitaonekana, au nitalambwa?"



Toleo la kwanza lilikuwa la kahawia. Lilipokwisha, wino wa kahawia ulikuwa umeadimika, kiwanda kikachapa la pili kwa kijani. Majirani wakaanza kumpa mama mkwe pole, wakidhani nyongo imemharibikia. Akamnunia mkwewe, chai ikawa inakuja bila sukari. Mchoraji akamwomba mkewe aingilie kati.

"Mimi simo," alisema mkewe. "Ulipomchora uliniuliza?"

Baadaye gharama za posta zikapanda. Meneja hakutaka kutengeneza picha upya. Aliamuru stempu zilizobaki ghalani zigongwe bei mpya, na ile ya zamani, iliyokaa kando ya shavu, ifutwe kwa mstari mnene mweusi. Karatasi zikateleza kidogo mashineni. Shavu likapona, mstari ukatua chini ya pua.

"Masharubu!" mama mkwe alifoka. "Umenipa masharubu, tena yameyashinda yako!"

"Ni mashine, mama."

"Mashine ndiyo iliyooa kwangu?"

Tangu hapo akawa haachi kwenda posta. Alinunua kila stempu ya masharubu aliyoikuta dirishani, akazitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, akiamini zitakwisha duniani. Karani wa posta hakuwahi kuona stempu ikigombewa namna ile. Akapeleka taarifa makao makuu: wananchi wameipenda mno, leteni nyingine.

Meneja alimwita mchoraji, akampa mkono. "Hongera! Tunachapa tena. Na masharubu yaleyale, watu wanayataka."

Mchoraji alirudi nyumbani miguu mizito. Alimkuta mama mkwe sakafuni, amezungukwa na stempu, anahema kama aliyetoka kulima.

"Mama, acha kununua."

"Imebaki posta moja tu, ile ya sokoni. Hizo zikiisha..."

"Haziishi. Ukinunua, wanachapa. Wananchi wanaosemwa ni wewe peke yako."

Mama mkwe aliinamia stempu zake. Mabega yakaanza kumtikisika. Mchoraji akapiga magoti kuomba radhi, ndipo akagundua kwamba mama anacheka, anacheka hasa, mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka.

"Kwa hiyo mimi ndiye wananchi?"

"Wewe ndiye wananchi, mama."

Kuzichoma hakuweza, roho ilimuuma. Akaamua kuzitumia. Aliwaandikia binamu, mawifi, hata dada yake mkubwa, ambaye hawakuwa wakisemezana naye tangu walipogombania cherehani ya marehemu mama yao. Kazi ya kubandika akapewa mchoraji, mpaka ulimi ukamkauka kama ubao.

"Lamba, mkwe wangu," alihimizwa. "Kuchora si ulijua mwenyewe?"

Jibu la dada lilikuwa fupi. Mama mkwe alilisoma kwa sauti, akikwamakwama: "Stempu nimeiona. Umefanana na baba mpaka nimelia. Njoo, cherehani ipo."

Akapangusa pua kwa kiganja, akauliza basi la kwanza linaondoka saa ngapi.

Wiki iliyofuata walirudi wote wawili kwa teksi, cherehani katikati yao, wakigombana upya kuhusu nani aliyevunja gurudumu lake walipokuwa wasichana. Mchoraji aliibeba mpaka sebuleni, na hakuna aliyemuuliza kama ni nzito.