Jina Chini ya Mchoro wa Nanga

Tangu siku ya kwanza Mbinya alipomleta Kagwe nyumbani kwangu Gatuanyaga, sikumwamini mtu yule. Mbinya, mjukuu wangu, alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi chuoni Juja. Kagwe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mjini Ruiru, mtu aliyeishia darasa la saba, ambaye macho yake hayakubanduka kwenye michoro ya mjukuu wangu hata chai ikapoa.

Michoro hiyo ilikuwa ya jukwaa la kuelea baharini. Juu yake pangesimama rafadha ya kuzalisha umeme kwa upepo na mtambo wa kuondoa chumvi majini. Chini yake, vizimba vya samaki. Kandokando, kamba za kupandia mwani. Jopo la chuo lingechagua kazi moja, na mwenye kazi hiyo angepelekwa Mombasa kuijenga. Ilikuwa mwaka 1996, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufikia nafasi ya namna hiyo.

Mfano mdogo ulijaribiwa Witeithie, katika machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua. Nilihudhuria. Wanafunzi wawili walisukuma maji kwa mlango wa mbao ili kufanya mawimbi. Mara ya kwanza kamba za nanga zilikaza, jukwaa likainama, vizimba vikazama upande mmoja. Wiki iliyofuata kila kamba ilikuwa imelegezwa na kufungwa kipande cha chuma katikati. Wimbi lilipokuja, chuma kiliinuka; lilipopita, kilishuka na kulirudisha jukwaa mahali pake. Nilimpongeza Mbinya mbele ya watu wote. Yeye alitazama maji. Kagwe alicheka kidogo, nami kicheko hicho sikukisahau.

Siku moja kabla ya michoro kupelekwa kwa jopo, Mbinya akiwa chuoni, niliikunjua pale mezani alipoiacha, nikaikagua. Wachoraji hutumia karatasi inayopenyeza mwanga, na wakikosea huukwangua wino kwa wembe. Kwenye mchoro wa nanga, chini ya jina la Mbinya, palikuwa pamekwanguliwa. Sikuhitaji kutazama zaidi. Fundi yule alikuwa akijitayarishia mahali pa jina lake. Nilivaa koti na tai, kama nilivyozoea nilipokuwa nikifundisha, nikaenda Ruiru na karatasi ile.

"Kagwe, umeletewa inspekta!" fundi mwenzake alipaza sauti. "Na vile amefunga tai, leo unalala ndani!"

Wengine walicheka. Kagwe alivua miwani ya kuchomelea. "Karibu, Mwalimu. Kuna shida?"

"Shida ni wewe, mwizi. Ulikwangua nini hapa?"

Aliipokea kwa ncha za vidole, asiipake grisi. Kicheko kilikatika. "Mimi sijakwangua kitu. Iweke dirishani, Mwalimu, ujisomee."

Niliibandika kwenye kioo. Wembe ulikuwa umeondoa wino, lakini kivuli cha herufi kilibaki. Zilikuwa tano: Kagwe. Mwandiko ulikuwa wa Mbinya.

"Vile vyuma vya katikati ya kamba," niliuliza, "vilikuwa wazo la nani?"

"Ai, Mwalimu. Geti ya mamangu hujifunga yenyewe, imefungiwa chuma kwa waya; ukiisukuma kinainuka, ukiiachilia kinairudisha. Nilitoa hapo." Alivaa miwani yake tena. "Usimgombeze sana. Alisema jopo haliwezi kusoma jina la fundi wa jua kali asiye na cheti."

Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa ndipo nilipomtukana.

Alasiri nilimkuta Mbinya akipekua meza. "Babu, umepeleka wapi karatasi yangu?"

"Kwa mwenzako," nilisema, nikaiweka mezani.

Aliketi. "Masharti yanasema kazi iwe ya mwanafunzi. Nikiliandika jina lake, wanaweza kuniondoa."

"Wakuondoe."

"Hata Mombasa nisiende?"

"Hata Mombasa."

Pale palipokwanguliwa wino ungetawanyika, kwa hiyo ilimlazimu kuuchora upya mchoro wote. Alichora bila kuinua kichwa: jukwaa, vizimba, nanga, kamba, vile vyuma. Hatimaye alifika kwenye kona ya chini, akaandika jina lake, akasita.

"Babu, umechoka. Nenda ukapumzike, nitamaliza."

Nilivuta kiti karibu na mkono wake wa kuume, nikaketi.

"Huniamini?"

"Andika," nilisema.