Mikono ya Nafuna Haikuwa na Kosa

Kwa miaka minne Nafuna aliambiwa kwamba mikono yake ndiyo mibovu. Naye akaamini, maskini! Kila asubuhi, nyumbani kwake mtaani Olympic, aliinua mitungi miwili ya maji mara thelathini, ili apate nguvu za kugeuza usukani wa gari la marehemu baba yake. Mwalimu mstaafu mzima, anahema kando ya tangi la maji kama kuruta wa jeshi.

Lilikuwa gari la spoti la zamani, jekundu, la viti viwili. Baba huyo, Mzee Wangila, aliyetengeneza magari ya mashindano maisha yake yote, alisema mbele ya ukoo mzima kwamba litabaki kwa mtoto atakayeliendesha. Kaka yake Nafuna, Ambrose, hakutaka kuliendesha. Alitaka kuliuza, na sasa alikuwa amepata mnunuzi.

"Jumamosi nakuja na yeye," alimwambia dada yake. "Ukishindwa kuitoa kwa geti mwenyewe, nauza. Usinilaumu."

Nje ya geti kulikuwa na kona kali. Mwezi uliopita Nafuna aling'ang'ana nayo mpaka bega likavimba, na majirani wakaja kusukuma. Akalipeleka gari kwa Maurice, fundi wao wa Kawangware, na Maurice akampa jibu lake la kila mwaka.

"Mama, grisi nimeweka kila mahali. Hii ni gari ya wanaume. Uza tu, ununue kamoja kadogo." Kisha akamtazama mikono kwa huruma.

Ijumaa Nafuna alimpigia simu Adhis, mwanafunzi wake wa zamani wa darasa la sita, ambaye sasa alitengeneza magari mtaani Kambi Muru. Adhis alikuja, akainua gari kwa jeki, akalikalisha juu ya magogo, akaingia chini. Halafu akafyonya.

"Mwalimu, si ulale hapa kidogo uone kitu."

Nafuna akatandika gunia, akalala chali kando yake.

"Unaona hizi tundu ndogo? Hapa ndio grisi huingilia. Ziko nane. Cheki vile zimezibwa na rangi."

Ilikuwa ile rangi nyeusi ambayo Maurice aliipuliza chini ya gari mwaka aliofariki mzee, ili ling'ae siku ya mazishi. Ilikuwa laini juu ya kila tundu, haina hata mkwaruzo.

"Tangu ipakwe, hakuna mtu ameweka grisi hapa. Hata siku moja."

Hata siku moja! Mara nne amelipeleka gari, mara nne ameambiwa grisi ipo. Bega limevimba bure. Mitungi ameinua bure. Mtu mzima na akili zake anakudanganya mchana kweupe, halafu anakuhurumia!

Adhis alikwangua rangi kwa kisu, akasafisha kwa mafuta ya taa, akasukuma grisi kwa pampu huku magurudumu yakining'inia. Kwanza kilitoka kitu kikavu cha kahawia, kama ugali uliolala. Baadaye ikatoka grisi safi. Mwisho akajaza upepo magurudumu yaliyokuwa yamelegea.

"Usigeuze usukani ikiwa imesimama," alisema. "Iache itembee kidogo, ndio ugeuze."

Nafuna aliligeuza uani mara tatu, usukani ukiwa mwepesi. Akalia, na hayakuwa machozi ya furaha.

Jumamosi Ambrose alifika na mnunuzi wake. Nafuna akatoka getini, akakata kona bila kukunja uso, akazunguka mtaa na kurudi. Ambrose akapiga makofi.

"Si nilikwambia Maurice ni fundi! Sasa vile imelainika, tutauza hata vizuri zaidi."

Nafuna akamfungulia mlango wa pili Adhis, aliyekuwa amekuja kutazama.

"Panda, twende Kawangware. Nataka Maurice alale chini ya hili gari, mbele ya wateja wake, anionyeshe mahali aliweka grisi."

"Na mimi?" Ambrose akauliza.

"Viti ni viwili." Nafuna akamwonyesha kando ya tangi. "Mitungi ile pale. Mara thelathini, kila asubuhi. Ukishamaliza miaka minne, uje tuongee habari ya gari la baba."