Upindo wa Jumanne

Jumamosi asubuhi Fundi alitandaza ratiba ya chuo juu ya meza ya kukatia nguo, akazikandamiza pembe zake kwa mkasi, chaki na vikombe viwili vya chai, akaanza kuisoma kwa mara ya tisa. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwanafunzi mpya wa uuguzi, na furaha ilikuwa imempanda kichwani mpaka akakata suruali ya mteja, miguu yote miwili ikawa ya kushoto.

"Mama, hiyo karatasi utaitoboa kwa macho," alisema bintiye.

"Acha itoboke. Nimeingoja miaka ishirini."

Kitabu cha anatomia alikuwa amekipata juzi, kwa muuza vitabu vilivyotumika pale pembeni mwa posta. Mhadhiri alitaka toleo jipya tu, na bei yake dukani ilimfanya Fundi aombe kiti. Muuzaji alimtolea la zamani.

"Jipya lina jalada la bluu," alimwambia. "Mifupa ni ileile, dada yangu. Hakuna aliyeongezewa."

Fundi alicheka peke yake njia nzima. Alipofika nyumbani alikishonea kitabu jalada la bluu kwa mabaki ya sare za shule, na kazi ikaisha.

Lililobaki lilikuwa Jumanne. Anatomia ilipangwa saa tatu asubuhi, na Kemia nayo saa tatu, jengo la pili. Yote mawili yalikuwa masomo ya lazima. Anayekosa moja hupoteza nafasi yake, nayo hupewa mwingine. Karani wa ratiba alikuwa amemweleza kwa upole kwamba kila mwaka huwa hivyo, na kwamba wengi huishia hapo.

Basi Fundi akafanya kama anavyofanya kwa gauni lililombana mtu. Alipitisha kidole gumba chini ya Jumanne, akatafuta upindo. Aliyeishona alijua kazi yake: alikuwa ameacha ndani saa mbili nzima, zimekunjwa vizuri. Fundi akafumua mshono taratibu kwa wembe, akazilegeza, akazipiga pasi.

"Zinatosha?" bintiye aliuliza.

"Zinatosha kabisa. Nipe uzi."

Jumanne ilipofika, saa tatu ilikuja mara mbili. Katika ile ya kwanza Fundi alisoma mifupa. Katika ya pili alivuka uwanja mbio, kitabu kifuani, akakaa mstari wa mbele kwenye Kemia, moyo ukimdunda kwa raha. Hakuna mwanafunzi aliyekosa somo. Mlinzi wa geti alizitumia zile saa za ziada kusinzia. Mpishi wa chuo alinung'unika kwamba chakula kimeiva mapema mno, akakifunika. Jioni Fundi alimsomesha bintiye mifupa ya mkono, kuanzia begani mpaka kwenye kidole cha mwisho, chungu kikaungua jikoni, wakala hivyohivyo huku wakicheka.

Wiki iliyofuata karani alipita na rula, akaipima Jumanne kwenye ubao wa matangazo, akaridhika. Alhamisi tangazo likabandikwa: kwa kuwa Jumanne imeonekana kuwa na nafasi, somo la Takwimu, nalo la lazima, litafundishwa katika saa tatu ya pili. Kemia ilibaki palepale.

"Yamegongana tena," Fundi alimwambia karani dirishani.

"Mtapata namna," karani alimjibu, kwa upole uleule. "Mbona ya kwanza mliipata."

Fundi alirudi nyumbani, akaitandaza ratiba, akapitisha kidole chini ya Jumanne. Hapakuwa na kilichobaki. Akahamia Jumatano, akaipapasa polepole, na bintiye akaenda kuwasha pasi.