Nane ya Borka Töreky

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, majaji saba wa ubingwa wa taifa wa kuteleza kwenye barafu walikuwa wamekaa kwenye benchi moja la mbao, nyuma ya lango la uwanja wa Kővárad, wakivaa viatu vya sufi nzito ili wasiikwaruze barafu. Ilikuwa Alhamisi ya Januari, mwaka 1986. Tramu ya kwanza ilikuwa imeshapita. Jaji namba tano, Vilma Keresztes, alikuwa na brashi ya kufagilia, utepe wa kupimia, penseli mbili na kidaftari cha jalada la kijani. Alikuwa amefundisha jiometri sekondari kwa miaka thelathini na moja, na kitu kisichopimika hakikumsumbua.

Kwenye kidaftari aliandika saa, kisha akaandika: Namba tatu, viatu vipya vya Kiitalia. Namba tatu alikuwa mkutubi kutoka mji mdogo wa kusini, na viatu vile alikuwa ameviweka chini ya benchi, vikiwa vimepangwa sambamba.

Ukurasa wa jana yake ulikuwa umejaa. Wakati wa chakula cha jioni jaji mkuu, Ndugu Halmágyi, alizunguka meza na sahani ya viandazi vya chumvi vyenye mafuta ya nguruwe, akamwambia kila jaji sentensi ile ile: "Tunategemea busara yako, ndugu." Vilma alihesabu. Namba tatu aliambiwa akiwa amewekewa mkono begani. Namba sita aliambiwa mara mbili. Yeye mwenyewe aliambiwa mara moja, bila mkono. Kabla sahani haijarudi jikoni alikuwa ameshahitimisha kwamba wenzake sita wamenunuliwa.

Wasichana waliokuwa wakigombea ubingwa walikuwa wengi, lakini wa kuhesabiwa walikuwa wawili. Szilvia Ormos alitoka Budapest, na makamu mwenyekiti wa chama cha mchezo alikuwa mjomba wake. Borka Töreky alikuwa wa hapo hapo Kővárad, binti wa mchomeleaji wa karakana ya tramu, na alifanya mazoezi alfajiri kabla timu ya magongo ya barafuni haijaamka. Bingwa angekwenda kwenye mashindano ya Ulaya na kupewa posho ya taifa. Wa pili angerudi nyumbani. Borka alikuwa na barua ya kiwanda cha viatu iliyomtaka aripoti tarehe mosi Februari, na aliibeba kwenye mfuko wa viatu vyake vya barafu.

Siku ya kwanza ya ubingwa haina muziki wala kuruka. Mtelezaji huchora umbo la nane kwenye barafu safi kwa chuma cha kiatu chake, kisha huurudia mchoro ule mara mbili zaidi, juu ya mstari ule ule. Akiwa hodari, mistari mitatu huonekana kama mmoja. Watu wa jukwaani hawaoni chochote isipokuwa msichana anayezunguka polepole kwenye ukimya. Wanaoona ni majaji saba peke yao, kwa sababu wao ndio wanaoingia na viatu vya sufi, wanafagia unga wa barafu, wanainama. Kisha filimbi inapulizwa na kila mmoja anainua kibao chenye alama, kati ya sifuri na sita. Mchoro humwagiwa maji, hugeuka barafu mpya, na hakuna wa kuuliza tena. Kwa utaratibu huo mambo yalikuwa yamekwenda vizuri kwa miaka mingi.

Michoro ya siku hiyo ilikuwa mitatu. Baada ya miwili, Szilvia na Borka walikuwa sawa. Kabla ya wa tatu Vilma alipita ofisini kuchonga penseli. Bi Gizella, mpiga chapa, alikuwa anakula mkate wa kitunguu, na kwenye mashine yake kulikuwa na karatasi yenye kichwa MATOKEO YA MWISHO. Namba moja, Szilvia Ormos. Namba mbili, Borka Töreky. Chini yao majina mengine tisa.

"Bi Gizella, matokeo yameshatoka?"

"Bado, mwalimu. Si mnahukumu ninyi?"

"Na hii?"

"Hiyo ni orodha ya mwaka jana. Huwa naanzia hapo kila mwaka. Kukiwa na badiliko, nafuta."

"Umewahi kufuta?"

Gizella alifikiri, akafungua droo, akatoa kifutio. Kilikuwa bado ndani ya karatasi ya dukani.

"Cha mwaka sabini na tisa," alisema. "Kizuri sana. Cha Kijerumani."

Vilma aliandika saa na maneno: Matokeo tayari yamechapwa. Akaipigia mstari sentensi hiyo, akarudi uwanjani.

Mchoro wa tatu ni nane ndogo, ambayo kila duara lake lina upana sawa na kimo cha mtelezaji. Szilvia alitangulia. Alipomaliza, majaji waliinama. Duara la kushoto lilikuwa limebonyea upande mmoja, na mistari mitatu ilikuwa imeachana kwa upana wa vidole viwili. Vilma alipima kwa macho, kisha kwa utepe. Ilistahili 2.8. Filimbi ilipolia aliinua kibao cha 3.6, alama aliyokisia wenzake wangetoa, na vibao vingine sita vikaonyesha kati ya 3.5 na 3.7. Hilo nalo alilihesabu kuwa ushahidi.

Majaji walikuwa wanarudi pembeni nane ya Szilvia ilipoinuka. Ilitoka kwenye barafu kwa sauti ndogo, kama uzi unaochomolewa kwenye pindo, ikasimama wima katikati ya uwanja. Ilikuwa nyeupe, nene kama penseli, na urefu wake ulizidi mita tatu. Duara lililobonyea lilikuwa juu, ambako taa ziliimulika vizuri, na mistari iliyoachana ilionekana hadi safu ya mwisho ya jukwaa.

Wafanyakazi wa karakana ya tramu, waliokuja kwa ajili ya Borka kabla ya zamu, waliitazama.

"Hiyo imegongwa na namba mbili," alisema mmoja. Namba mbili ilikuwa tramu ya stesheni.

"Iletwe karakana, mzee Töreky ataipiga nyundo."

"Bei ya ndugu wa makamu ni bure, eti?"

Walicheka, lakini si kwa sauti kubwa. Szilvia aliitazama nane yake mara moja, akavuta glavu zake vizuri, akaenda kukaa. Ndugu Halmágyi alifungua kitabu cha kanuni, akasoma, akakifunga kidole kikiwa ndani.

"Mchoro huhukumiwa ukiwa umelala kwenye barafu," alisema. "Uliosimama si mchoro tena. Alama zinabaki. Mjomba Rezső, tafadhali, inaziba njia."

Rezső, mtunza uwanja ambaye wote walimwita mjomba, alikuja na soksi za sufi juu ya viatu, akaikumbatia nane kiunoni na kuiegemeza kwenye ukuta wa uwanja.

Borka alifuata. Alizunguka mara tatu kwa kila mguu, bila haraka, macho kwenye barafu. Alipotoka, majaji waliingia na brashi zao, na nane haikusubiri wafagie. Iliinuka mbele ya pua zao. Mistari mitatu ilikuwa mmoja. Vilma alipitisha utepe kwenye duara la chini kwa marefu, kwa mapana na kwa mshazari, na mara zote tatu akapata sentimita mia moja na sitini na mbili. Alipima duara la juu kwa kusimama kwenye kiti cha Rezső. Mia moja na sitini na mbili. Katika miaka ishirini ya ujaji hakuwahi kuona kitu kama kile, na kwa kuwa aliheshimu vipimo, aliandika 4.2.

Halafu alipiga hesabu nyingine. Szilvia alikuwa na 3.6 kwake. Wenzake sita walikuwa wamenunuliwa, na Gizella alikuwa ameshachapa. Anayewekwa mbele na majaji wengi ndiye hushinda mchoro, na sauti moja kati ya saba haizai wengi. Jaji anayeachana na wenzake hutakiwa kuandika barua ya maelezo, na baada ya barua jina lake huondolewa kwenye orodha kwa miaka miwili. Borka hatapata kitu, na mwakani kutakuwa na jaji mmoja mkweli pungufu. Hesabu ilifungwa vizuri pande zote. Alifuta 4.2, akaandika 3.4. Hakutazama pembeni, lakini alihisi kwamba wale wengine walikuwa wanamtazama yeye.

Filimbi ililia. Vibao vikainuka.

3.5. 3.4. 4.1. 4.0. 3.4, cha kwake. 4.2. 3.5.

Wanne walimweka Szilvia mbele. Watatu walimweka Borka. Namba tatu, mwenye viatu vya Kiitalia, ndiye aliyeinua 4.1.

"Namba tano!" aliita mtu wa karakana. "Hicho kiti ulipandia nini, kuchuma matofaa?"

Vilma alivisoma vibao mara mbili, kutoka kushoto kisha kutoka kulia. Jumla haikubadilika. Borka alikuwa amesimama langoni, mkono kwenye mfuko wa viatu. Alimtazama Vilma kwa muda wa kutosha kuhesabu hadi nne, kisha akainama kufungua kamba.

Maji yalitakiwa kumwagwa kwa ajili ya kundi lililofuata, kwa hiyo michoro iliyosimama ilipaswa kuondolewa.

"Shika huku, mwalimu," alisema Rezső. "Tuikunje hapo duara zinapogusana. Kama miwani."

Waliikunja ile ya Borka. Ilikuwa baridi, nyepesi, na haikuyeyuka mkononi. Rezső aliibeba hadi kwenye chumba cha makoti, ambako sheria yake ilikuwa moja tu: kila kinachoingia kinapewa namba, na aliyekileta anapewa kibati chenye namba hiyo. Aliitundika nane ya Borka kwenye msumari wa sitini na moja na kumpa Vilma kibati. Nane ya Szilvia ilikwenda sitini na mbili. Ile ilibebwa na Ndugu Halmágyi, ambaye alisahau kibati chake kaunta.

Kwenye benchi, jaji namba mbili, daktari wa meno, alikuwa anavua viatu vya sufi.

"Nilimpa 3.4 kwa sababu yako," alimwambia Vilma. "Tangu jana unaandika majina yetu kwenye hicho kidaftari. Nikasema, huyu ndiye aliyetumwa kutuchunguza."

"Mimi nilidhani ninyi mmenunuliwa."

"Kwa viandazi?"

Namba tatu alikuwa anahangaika kuingiza mguu kwenye kiatu cha Kiitalia.

"Na hivyo viatu?" Vilma aliuliza.

"Vya marehemu shemeji," alisema. "Vinanibana kuliko unavyofikiri. Sasa naandika barua ya maelezo. Maelezo yanaandikwaje, mwalimu? Niseme ilikuwa ya duara?"

Siku mbili za muziki na kuruka ziliwaacha wasichana wawili pale pale walipokuwa, na Jumamosi alasiri Bi Gizella alibadilisha mwaka kwenye orodha na kuibandika mlangoni. Kifutio kilibaki ndani ya karatasi yake. Namba tatu, namba nne na namba sita waliandika barua, na mwaka uliofuata hawakuitwa. Tarehe mosi Februari Borka aliripoti kiwandani, akapangiwa kubandika soli.

Nane hazikuyeyuka. Ilipita Machi, ikapita Julai, na Rezső akazoea kuzipangusa vumbi kila Ijumaa. Waliokuja kuteleza walitundika makoti pande zote mbili za msumari wa sitini na moja bila kuuliza. Mwalimu mmoja wa michezo alipendekeza zitumike kufundishia watoto, chama kikajibu kwa barua kwamba michoro si vifaa.

Januari iliyofuata ubingwa ulirudi Kővárad. Vilma alifika saa kumi na mbili na nusu, mapema kuliko wote. Mbele yake kwenye kaunta alisimama Borka, amevaa koti la kiwanda, vidole vyake vina gundi iliyokauka.

"Mjomba Rezső, nimekuja kuchukua nane yangu."

"Kibati, mwanangu."

"Sikupewa."

"Basi sitoi."

"Lakini unajua ni yangu. Uliiona ikitoka."

"Niliiona, kabisa. Na koti la meya nalijua pia, hata yeye simpi bila kibati. Nikianza kutoa kwa sura, kesho wataondoka na makoti ya wenzao."

"Nani anacho?"

Rezső alimtazama Vilma aliyekuwa nyuma ya Borka, kisha akatazama daftari lake.

"Hapa huwa siandiki majina," alisema. "Namba tu."

Vilma alikuwa na mkono kwenye mfuko wa koti. Kibati kilikuwa hapo, pamoja na penseli. Aliwaza kwamba akikitoa, kitaulizwa kimefikaje kwake, kwa nini amekaa nacho mwaka mzima, na nani alimtuma alete leo. Huenda hata Borka alikuwa ametumwa. Vidole vyake vilikigeuza kibati upande mmoja, kisha mwingine.

"Naweza kuiona tu?" Borka aliuliza.

Rezső alimfungulia kijimlango. Borka alisogeza makoti mawili, akasimama kando ya nane yake iliyokunjwa. Duara lilianzia kwenye soli ya kiatu chake na kuishia juu ya nywele zake, hakuna kilichozidi wala kupungua. Alipitisha kidole kimoja juu ya mstari, mzunguko mzima, akarudisha makoti yalipokuwa.

"Asante, mjomba." Alipopita kaunta alisema, "Habari za asubuhi, mwalimu Vilma," kwa adabu, akatoka kuwahi tramu ya zamu.

"Karibu, mwalimu," alisema Rezső akinyoosha mkono. "Koti?"

"Nitabaki nalo," alisema Vilma. "Kuna baridi."

Alivaa viatu vya sufi, akachukua brashi. Asubuhi ile aliinama juu ya michoro yote thelathini na mitatu akiwa amefunga vifungo hadi shingoni.