Upande wa Kulia wa Bi Somoe

Jumatatu saa tatu asubuhi, katika kliniki moja ya meno mjini Mtwara, Daktari Brian alimpaka Bi Somoe dawa kwenye fizi za kulia. Ilikuwa nyeupe, nzito kama uji wa muhogo, na chembe zake, alisema, ni ndogo hata elfu moja zingekaa juu ya unywele mmoja. Kazi yake kuua wadudu wa fizi na kuotesha mfupa ulioliwa. Fizi za kushoto hakuzigusa. Huo ulikuwa utafiti, na utafiti unataka upande wa kulinganishia.

Siku ya tano mfupa ukaanza kuota. Ulisikika hadi barazani, mlio mwembamba kama mchele unaopetwa. Majirani wa mtaa wake wa Rahaleo wakaja kusikiliza, wameteremsha sauti kama watu walioingia msikitini.

Kassimu, jirani aliyeanguka kutoka juu ya mkorosho akavunjika muundi, alikaa kulia kwa Bi Somoe kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli. Kufika alasiri mguu umenyooka, akaenda zake kuswali. Mbuzi mwenye pembe iliyokatika akapita upande huohuo, pembe ikarudi. Mzee Isihaka, mumewe Bi Somoe, ambaye meno yalikuwa yakimcheza, akahama upande wa kitanda.

"Miaka arobaini umeng'ang'ania kushoto," mkewe alisema. "Leo ndiyo umeijua kulia?"

"Nafuata korosho, mke wangu." Asubuhi akazitafuna bila kuziloweka.

Upande mmoja tu haukuweza kuhamia kulia kwa Bi Somoe, nao ni kushoto kwake mwenyewe. Huko magego matatu yalitikisika, usaha ukitoka. Akarudi kliniki.

"Mwanangu, nipake na huku, kabla hayajadondoka."

"Bibi, nikipaka nitalinganisha na nini?" Daktari Brian alisema kwa upole, amesimama kulia kwake. Kidole chake kilichopinda tangu utotoni kikanyooka. Akakikunja, akakikunjua, akashukuru, akaandika.

Mwezi wa nne wa utafiti magego yakadondoka. Mwezi wa sita daktari akaziweka picha za eksirei kwenye mwanga. Kulia, mfupa mweupe umejaa hadi shingoni mwa meno. Kushoto, shimo. Chumba kizima kikasogea kuutazama uzuri wa ule mfupa, na Bi Somoe naye akasogea.

"Tofauti imeonekana vizuri sana, Bibi."

"Na dawa?"

"Imekwisha. Ilikuwa ya utafiti tu."

Nje, watu kumi na wawili walikuwa wakimsubiri kwenye benchi, wamebanana, wamemwachia nafasi mwisho kabisa, kushoto, ili wote wawe kulia kwake. Akawasalimu, akaketi.